Fakta za uzito kwenye dozi ya mionzi ya mfanyakazi: jinsi ya kuzitumia bila kuzidisha mara mbili

Hesabu ya dozi ya mfanyakazi ikikosewa, mara nyingi kosa halipo kwenye beji (kile kifaa kidogo cha kupima mionzi anachovaa) wala kwenye kalkuleta. Kosa ni mtu kuchukua namba ambayo tayari imeshazidishwa kwa fakta ya uzito, yaani namba ya kuzidishia inayoonyesha aina ya mionzi au kiungo kina uzito gani kwenye madhara, afu akaizidisha tena, au kuchukua namba ya kiungo kimoja akaisoma kama ya mwili mzima, na kwa vile zote zinaandikwa mSv (milisivati, kizio cha dozi) basi kwa kuangalia tu huwezi kujua ipi ni ipi. Kwa hiyo kabla hujagusa fakta yoyote jiulize swali moja: hii namba niliyonayo imeshapita wapi?

Sehemu za kupita ni tatu. Kwanza kuna D, ambayo ni nishati ya mionzi iliyoachwa ndani ya tishu, joule kwa kila kilo, kizio chake grei (Gy), na kazini tunaongelea zaidi mGy, yaani sehemu moja kati ya elfu ya grei. Hapo hamna fakta yoyote iliyoingia bado, ni fizikia tupu. Ukizidisha D kwa fakta ya aina ya mionzi, wR, unapata H, dozi ya kiungo husika, kizio kinabadilika kuwa sivati (Sv). Ukichukua H ya kila kiungo ukazidisha kwa fakta ya kiungo hicho, wT, afu ukajumlisha vyote, unapata E, dozi moja inayowakilisha mwili wote, na kizio chake ni sivati vilevile. Hapo ndo mkanganyiko unapoanzia, H na E zina kizio kimoja lakini ni vitu viwili tofauti kabisa. Mi nashauri kila ukiandika mSv kwenye karatasi uweke na herufi yake pembeni, H ya mapafu, H ya ngozi, E. Ni kazi ya sekunde mbili na inaokoa maswali mengi baadaye.

Tuanze na wR. Swali lake ni hili: nishati ileile, ikiletwa na mionzi ya aina hii, inaumiza kiasi gani kulinganisha na gama? Namba zinazotumika sasa hivi sehemu nyingi ni zile za Tume ya Kimataifa ya Kinga ya Mionzi (ICRP), chapisho lao namba 103 la mwaka 2007. Eksirei na gama ni 1, beta ni 1 pia, protoni ni 2, alfa ni 20. Kama kazini kwako ni eksirei peke yake basi umeshamaliza, mGy 1 inakuwa mSv 1 na hamna cha kuumiza kichwa. Alfa nayo ni 20 lakini kumbuka haipenyi hata ile tabaka ya juu ya ngozi iliyokufa, kwa hiyo ikiwa nje ya mwili hiyo 20 haina pa kufanyia kazi, inakuwa na maana pale vumbi lenye alfa limevutwa, limemezwa au limeingia kwenye kidonda.

Nyutroni ndo zinahitaji utulivu, kwa sababu hazina namba moja. wR yake inapanda na kushuka kulingana na nishati ya nyutroni yenyewe. Zile za polepole sana ni 2.5, zikifika MeV 0.1 (MeV ni kizio cha nishati ya chembe) ni kama 10, zikifika MeV 1 zinagonga kilele karibu 20.7, afu zinashuka, kwenye MeV 10 ni kama 8.8 na kwenye MeV 50 ni kama 5.5. Zamani, kwenye mapendekezo ya ICRP ya 1990, ilikuwa ngazi ngazi, 5, 10, 20, 10, 5, na bado utakuta watu wanazitumia kutoka kwenye noti za shule. Sasa hivi ni mstari unaojipinda, sio ngazi.

Chukua mfano wa chanzo cha amerisiamu na berili, kile cha kwenye vipima unyevu wa udongo na kwenye vifaa vya kupimia visima vya mafuta. Nyutroni zake wastani wake ni kama MeV 4, na hapo wR inakuja kama 13. Tuseme mtu kapata mGy 0.4 ya gama na mGy 0.1 ya nyutroni, sawasawa mwili mzima. Gama: 0.4 × 1 = 0.4. Nyutroni: 0.1 × 13 = 1.3. Jumla mSv 1.7. Ona hapo, nyutroni zimeleta sehemu moja kati ya tano ya nishati lakini zimebeba zaidi ya robo tatu ya dozi. Mtu akivaa beji ya gama peke yake eneo kama hilo ataandikiwa 0.4 na kila mtu ataridhika, na hiyo ni hatari ya kweli. Kwa hiyo hatua ya vitendo hapa: kabla ya kuhesabu chochote hakikisha beji inaona aina zote za mionzi zilizopo, maana fakta haiwezi kuzidisha kitu ambacho hakikupimwa.

Kitu kingine cha nyutroni ambacho watu wanakikosea: nyutroni ikiingia mwilini inatengeneza gama humohumo ndani, na kuna mtu mwenye bidii atataka azitenge hizo gama azipe wR ya 1 peke yake. Usifanye hivyo. Kwa mionzi ya nje, wR inachaguliwa kwa aina iliyoupiga mwili, na gama za humo ndani zimeshahesabiwa kwenye fakta ya nyutroni, ndo moja ya sababu nyutroni za polepole zimepewa 2.5 tu.

Sasa wT. Hizi ni sehemu za mgawo, kila kiungo kimepewa kipande kulingana na mchango wake kwenye madhara ya muda mrefu, hasa saratani na kiasi fulani madhara ya kurithi, na vipande vyote vikijumlishwa lazima vije 1. Kwa namba za 2007: uboho mwekundu wa mifupa, utumbo mpana, mapafu, mfuko wa chakula na matiti kila kimoja 0.12. Tezi za uzazi 0.08. Kibofu, umio, ini na tezi ya thairoidi kila kimoja 0.04. Uso wa mifupa, ubongo, tezi za mate na ngozi 0.01 kila kimoja. Afu kuna fungu la viungo vilivyobaki, figo, moyo, kongosho, wengu, misuli na wenzake, jumla 13 kwa kila jinsia, unachukua wastani wa dozi zao afu wastani huo ndo unazidishwa kwa 0.12. Sio kila kimoja 0.12, narudia, ni wastani wao. Ukijumlisha E ikatoka kubwa kuliko dozi ya kiungo kilichopata nyingi kuliko vyote, ujue umekosea hapo au pengine, maana E ni wastani wenye uzito na haiwezi kuzidi kiungo cha juu.

Fanya hivi ukiwa na dozi za viungo mkononi, ambazo kwa kawaida zinatoka kwenye programu inayotumia miili ya mfano, wewe huwezi kuzipima moja kwa moja. Tuseme mtu kapigwa zaidi kifuani na mionzi ya eksirei: mapafu mSv 6, matiti 5, umio 4, mfuko wa chakula 2, uboho 1.5, kwingine karibu na sifuri. Mapafu 6 × 0.12 ni 0.72, matiti 5 × 0.12 ni 0.60, umio 4 × 0.04 ni 0.16, mfuko wa chakula 2 × 0.12 ni 0.24, uboho 1.5 × 0.12 ni 0.18. Jumla E ni mSv 1.90. Sasa mfanyakazi akiuliza mapafu yangu yamepata ngapi, jibu ni 6, sio 1.90 na sio 0.72. Hiyo 0.72 sio dozi ya mapafu, ni mchango wa mapafu kwenye E, na ukimwambia mtu mapafu yake yamepata 0.72 utakuwa umemdanganya hata kama hukukusudia.

Na sasa kitu ambacho kinawahusu wengi zaidi. Ile namba inayorudi kutoka maabara ya beji, Hp(10), usiizidishe kwa chochote. Ni dozi inayokadiriwa kwenye kina cha milimita 10 chini ya ngozi pale beji ilipovaliwa, na uzito wa aina ya mionzi umeshaingizwa humo wakati beji ilipokalibreshwa. Kama mionzi imempiga mtu mwili mzima sawasawa basi kila kiungo kimepata karibu kiasi kilekile, na kwa vile wT zote zinajumlika kuwa 1, E inakuwa karibu sawa na Hp(10). Mtu kasoma mSv 2, E ni 2. Kuna watu wanaona jedwali la wT wanahisi lazima walitumie mahali fulani, wanazidisha usomaji wa beji kwa 0.12 "kwa sababu beji iko kifuani", na kwa kalamu moja mfanyakazi anapunguziwa dozi yake mara nane. Vilevile mita ya mkononi inayosoma µSv (mikrosivati) kwa saa, imeshazidishiwa ndani, hata ile ya nyutroni. Ukiona kizio ni sivati kwenye kifaa, wR imeshapita, weka kalamu chini.

Mambo yanabadilika mtu akivaa aproni ya risasi, kama wale wanaosimama karibu na mgonjwa kwenye vyumba vya upasuaji wa mishipa ya moyo huku eksirei inapiga. Hapo mwili haupigwi sawasawa tena, kiwiliwili kimefichwa, kichwa na shingo viko wazi, kwa hiyo beji moja haiwezi kusema ukweli wote. Njia nzuri ni beji mbili, moja chini ya aproni na nyingine nje kwenye kola, afu unaziunganisha kwa fomula. Inayojulikana sana ni ya NCRP, baraza la kinga ya mionzi la Marekani, ripoti 122 ya 1995: E = 0.5 × beji ya ndani + 0.025 × beji ya kola. Zipo fomula nyingine zenye namba tofauti, tumia ile ambayo mamlaka yako ya mionzi imeikubali na uitumie hiyohiyo mwaka mzima, sio mwezi huu hii na mwezi ujao ile iliyotoa namba ndogo.

Tuseme kwa mwezi ya ndani imesoma mSv 0.2 na ya kola mSv 3.0. 0.5 × 0.2 ni 0.1, na 0.025 × 3.0 ni 0.075, jumla E ni 0.175. Kwa mwaka akiendelea hivyo ni 2.1, na kikomo cha mfanyakazi ni wastani wa mSv 20 kwa mwaka ndani ya miaka 5, na hakuna mwaka mmoja unaoruhusiwa kuzidi 50. Inaonekana safi kabisa, bosi anafurahi, faili linafungwa.

Lakini usifunge. Rudi kwenye ile 3.0 ya kola, maana hiyo ndo iliyo karibu na macho, na lenzi ya jicho haimo kabisa kwenye jedwali la wT. Lenzi ina kikomo chake peke yake. Ilikuwa mSv 150 kwa mwaka, mwaka 2011 ICRP wakashusha mpaka wastani wa 20 kwa mwaka ndani ya miaka 5, kwa sababu mtoto wa jicho ulionekana unatokea kwa dozi ndogo kuliko walivyodhani mwanzo. 3.0 mara miezi 12 ni 36. Yaani mtu yuleyule ambaye E yake ni 2.1 na kila mtu anampongeza, macho yake pengine yanapita kikomo. Kama anavaa miwani ya risasi dozi ya kweli ya lenzi itakuwa chini ya hapo, ila beji ya kola haijui kama kuna miwani, kwa hiyo hapo inabidi apewe beji ya jicho, inayosoma Hp(3), yaani dozi kwenye kina cha milimita 3, ivaliwe karibu na jicho lililo upande wa mgonjwa. Hii ndo sababu mi nasisitiza kila mara, E ni namba nzuri lakini inaweza kuficha kiungo kimoja kinachoumia, lazima uziangalie zote mbili.

Vidole na ngozi ni hivyohivyo. Pete ya kupimia inasoma Hp(0.07), yaani dozi kwenye kina cha milimita 0.07, kikomo ni mSv 500 kwa mwaka kwa mikono na kwa ngozi, na kwa ngozi unachukua wastani wa sentimita moja ya mraba iliyopigwa zaidi, sio ngozi yote ya mwili. Anayechanganya dawa za nyuklia akisoma 120 kwenye pete, andika 120 kwenye safu ya mikono, basi. Usizidishe kwa 0.01 ukajumlisha kwenye E eti ngozi iko kwenye jedwali, ile 0.01 inahusu wastani wa ngozi ya mwili mzima.

Tukija kwa kilichoingia ndani ya mwili, kazi nyingi umeshafanyiwa. Kuna namba za ubadilishaji, sivati kwa kila bekereli (kizio cha kiasi cha kitu chenye mionzi, atomu moja inayovunjika kwa sekunde) iliyoingia, na ndani yake zimo wR, wT, na hesabu ya dozi itakayoendelea kutolewa kwa miaka 50 ijayo, yote inaandikwa kwenye mwaka ambao mtu aliingiza. Kazi yako ni kukadiria bekereli ngapi zimeingia afu unazidisha mara moja tu. Mfano ayodini-131 iliyovutwa na mfanyakazi, kwenye majedwali ya ICRP 68 ya mwaka 1994 namba ni 1.1 × 10⁻⁸ Sv kwa bekereli (chembe za maikromita 5, aina inayoyeyuka haraka). Bekereli 100,000 zinakupa mSv 1.1 ya E. Ukiitaka dozi ya thairoidi yenyewe ni kama mSv 21, maana karibu dozi yote inaishia pale, na ukizidisha 21 kwa 0.05, ambayo ndo ilikuwa wT ya thairoidi kwenye mapendekezo ya 1990, unarudi palepale kwenye 1.1 hivi. Mtu akichukua ile 1.1 akazidisha tena kwa 0.04 "kwa ajili ya thairoidi", ameitupa karibu dozi yote. Afu mwisho wa mwaka unajumlisha: Hp(10) ya nje, au E ya beji mbili kama anavaa aproni, jumlisha E ya ndani, hiyo ndo inalinganishwa na 20.

Umeona hapo juu nimetaja 0.05 halafu 0.04 kwa kiungo kilekile. Hizi fakta zina matoleo, na usichanganye matoleo kwenye hesabu moja. Tezi za uzazi zilikuwa 0.25 mwaka 1977, zikawa 0.20 mwaka 1990, sasa 0.08, kwa sababu madhara ya kurithi yalionekana madogo kuliko ilivyohofiwa. Matiti yalikuwa 0.15, yakashuka 0.05, yakapanda tena 0.12, baada ya kuangalia kwa umakini zaidi saratani kwa waliopona Hiroshima na Nagasaki. Viwango vya msingi vya usalama vya IAEA, shirika la kimataifa la nguvu za atomiki, vya 2014 vinatumia za 2007, ila Marekani kanuni za tume yao ya nyuklia bado zimekaa kwenye mfumo wa 1977, thairoidi huko ni 0.03 na kikomo ni rem 5 (rem ni kizio cha zamani), yaani mSv 50 kwa mwaka. Mfanyakazi akihama na faili lake la dozi kutoka nchi moja kwenda nyingine, usijaribu kuigeuza E ya zamani iwe ya mfumo mpya kama huna dozi za kila kiungo, iache kama ilivyo na uandike imehesabiwa kwa mfumo gani.

Kuna sehemu mbili ambapo hizi fakta hazitakiwi kabisa. Moja ni ajali kubwa. wR na wT zimetengenezwa kwa dozi ndogo na madhara ya miaka ya mbele, kwa hiyo mtu akipigwa dozi kubwa kwa mkupuo mmoja, kama wale wafanyakazi wa Tokaimura, Japani, mwaka 1999 ambapo wawili walifariki, daktari anahitaji grei za kila kiungo na aina ya mionzi, sio E. Ukimpelekea E utakuwa umemchanganyia namba anayoihitaji na namba isiyomsaidia. Ya pili ni kumtabiria mtu mmoja. wT ni wastani wa wanaume na wanawake, wa umri wote, kwa hiyo dada wa miaka 22 na mzee wa miaka 60 wenye E ileile hawana hatari ileile, na usikae na mtu ukamwambia "E yako ni 4 kwa hiyo uwezekano wako wa saratani ni asilimia fulani". Mfanyakazi akiwa mjamzito na ameshatoa taarifa, mtoto tumboni analindwa kama mtu wa kawaida asiye mfanyakazi, na kikomo chake ni kama mSv 1 kwa muda wa ujauzito uliobaki. Hiyo ni dozi ya mtoto, sio E ya mama.

Kwenye kumbukumbu za kila mfanyakazi basi weka safu tofauti: Hp(10) kama ilivyotoka maabara bila kuguswa, Hp(0.07), Hp(3) kama ipo, beji ilivaliwa wapi na kulikuwa na aproni au hapana, fomula uliyotumia kupata E, toleo la fakta, na bekereli zilizoingia kama kuna kitu cha ndani. Usomaji mbichi usifutwe hata siku moja. Fomula ikibadilika baada ya miaka kumi mtu ataweza kurudi akahesabu upya, lakini kama umeacha E peke yake hakuna atakayejua ile 0.175 ilitoka wapi wala kwamba kwenye kola kulikuwa na 3.0.